Nati za Gurudumu na Gari Linalovuta Upande

Somo la usalama barabarani kwa madereva, mafundi na abiria wa maeneo ya mipaka



Mara nyingi katika kurasa hizi tumezungumza juu ya wizi wa mifugo, magendo na ulinzi wa vijiji vyetu. Leo tunazungumza juu ya kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mtoto: nati ya gurudumu la gari. Tumeichagua mada hii kwa sababu barabara zinazoelekea mipakani hubeba watu wengi na mizigo mizito, na kwa sababu mimi ninayeandika somo hili nina deni la kulilipa.

Jioni moja, siku ya gulio, nilikuwa zamu katika kizuizi cha barabarani kilomita chache kutoka mpakani. Nilisimamisha taksi iliyojaa abiria. Nilitazama leseni, bima na idadi ya watu. Karatasi zote zilikuwa sawa, nikairuhusu ipite. Haikufika mbali. Kwenye mteremko wa kituo cha biashara kilichofuata, gurudumu la mbele la kushoto lilichomoka, likatangulia mbele ya gari, likaruka mtaro na kumgonga kijana wa bodaboda aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake akisubiri abiria. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Gari lenyewe lilikwaruza lami na kusimama kabla ya kufika kwenye meza za wauza ndizi. Mungu alitustiri, hakuna aliyekufa.

Tulipowahoji abiria, bibi mmoja mzee alisema: “Nilimwambia dereva, mwanangu, gari lako linalia chini. Akanijibu, mama, hilo ni jiwe tu limenasa kwenye tairi.” Naye dereva hakukana. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameziba pancha, nati zikakazwa kwa haraka, na tangu hapo hakuna mtu aliyezigusa tena. Mlio ulianza mchana. Yeye akaongeza sauti ya redio.

Tangu siku ile nimejiuliza: kama ningeinama na kutazama gurudumu kwa muda uleule niliotumia kusoma tarehe ya bima, je, kijana yule angekuwa anatembea bila gongo? Nilikagua karatasi, sikukagua gurudumu. Ndiyo maana somo hili linawahusu askari, dereva, fundi wa pancha na abiria wote kwa pamoja.

NATI HUFANYA KAZI GANI?

Watu wengi hudhani kwamba boliti hubeba gari kama msumari ubebavyo koti ukutani. Sivyo. Nati inapokazwa, huivuta boliti, na boliti hurefuka kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, mfano wa mpira uliovutwa. Mvuto huo huibana rimu dhidi ya kitovu cha gurudumu. Ni mbano huo, na msuguano unaotokana nao, ndio unaobeba uzito wa gari na kustahimili breki, kona na mashimo. Mbano ukiwepo, rimu na kitovu huwa kama chuma kimoja.

Mbano ukipungua, rimu huanza kucheza. Kila mzunguko wa gurudumu huipiga boliti huku na huku, na boliti huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukakatika. Hapo ndipo mlio wa “ka-ka-ka” unapoanza. Boliti ya kwanza ikikatika, mzigo wake huangukia zilizobaki, nazo hukatika upesi zaidi. Kwa hiyo muda kati ya mlio wa kwanza na gurudumu kuchomoka hautabiriki, na hakuna dereva anayeweza kuukadiria kwa kusikiliza.

Kukaza kupita kiasi nako ni kosa. Boliti iliyovutwa mno hunyooka moja kwa moja na haiwezi tena kurudi wala kubana; hesi zake huharibika; na diski ya breki hupinda, usukani ukawa unatetema kila ukanyagapo breki. Kijana anayepanda juu ya spana na kurukaruka hudhani anaongeza usalama, kumbe anaupunguza.

KIPIMO CHA NGUVU

Nguvu ya kukaza hupimwa kwa nyutoni-mita, yaani nguvu ya mkono ikizidishwa kwa urefu wa spana. Magari mengi madogo ya Toyota yanayotumika katika ukanda wetu, yenye boliti za milimita 12, hukazwa kwa nyutoni-mita 103 hivi. Gari lolote lina kipimo chake katika kitabu cha mtengenezaji, na hicho ndicho cha kufuatwa.

Tuifanye hesabu hiyo iwe ya kijijini. Ukishika spana yenye urefu wa nusu mita kwenye ncha yake, nyutoni-mita 103 ni sawa na kusukuma kwa uzito wa kilo 21 hivi, karibu na debe la maji. Ukitumia spana fupi ya sentimita 25, itakubidi usukume kwa kilo 42. Sasa mtazame mtu wa kilo 70 anayesimama kwa miguu juu ya ncha ya spana ya nusu mita: anatia zaidi ya nyutoni-mita 340, mara tatu na zaidi ya kipimo. Akichomeka bomba la mita moja na kulilalia kwa uzito wake wote, anazidisha zaidi ya mara sita. Boliti ya gari dogo haikuumbwa kwa adhabu hiyo.

Malori ni jambo jingine. Malori makubwa yenye boliti kumi za milimita 22 katika kila gurudumu huhitaji nguvu ya nyutoni-mita 600 mpaka 680 hivi. Nguvu hiyo haipatikani kwa spana ya kawaida ya mkono, wala haipimwi kwa kukisia. Hapo spana ya kipimo, ile inayolia au kuonyesha namba inapofika nguvu iliyowekwa, si anasa. Kwa chama cha madereva au kituo cha taksi, spana moja ya kipimo inayonunuliwa kwa mchango na kutumiwa na wote ni rasilimali yenye thamani kubwa kuliko bei yake.

NAMNA YA KUFUNGA GURUDUMU

1. Chagua mahali. Simama pakavu na tambarare, mbali na njia ya magari. Vuta breki ya mkono, weka jiwe mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili, na simamisha pembetatu za tahadhari. Abiria wote washuke. Mtu asibaki ndani ya gari lililo juu ya jeki.

2. Legeza kabla ya kuinua. Zungusha kila nati nusu mzunguko gurudumu likiwa bado chini. Ukisubiri mpaka gari liwe juu, kuvuta kwako kwa nguvu kunaweza kuliangusha kutoka kwenye jeki.

3. Safisha. Sugua uso wa kitovu na mgongo wa rimu kwa brashi ya waya. Matope, kutu na rangi nzito vikibaki kati ya vyuma viwili, nati itaonekana imekaza leo. Kesho uchafu ule utasagika na mbano utapotea. Rimu za chuma zilizopakwa rangi upya ili zionekane nzuri sokoni ni za kuangaliwa sana, hasa kandokando ya matundu ya boliti. Hiyo ndiyo tuliyoikuta kwenye taksi niliyoitaja: rangi nene iliyokuwa imebanduka kama ganda.

4. Kagua nati na matundu. Nati nyingi za magari madogo zina upande wenye umbo la pia. Upande huo hutazama rimu, usigeuzwe nje. Baadhi ya rimu za aluminiamu hutumia nati yenye shingo na bapa la washa, nazo hazifai kwenye rimu ya chuma. Dereva anayefunga tairi la akiba lenye rimu ya chuma kwa nati hizo anaweza kukaza mpaka mwisho na rimu isibanwe hata kidogo. Tundu lililopanuka na kuwa mviringo wa yai ni hukumu: rimu hiyo haifai tena.

5. Anza kwa vidole. Kila nati iingie kwa mkono bila kulazimishwa. Kwa boliti ya milimita 12 ya magari madogo, nati yapaswa kuzunguka mara zisizopungua nane tangu inaposhika hesi mpaka inapobana. Ikizunguka mara nne tu na kukwama, kuna kasoro: ama nati si yake, ama hesi zimekufa, ama rimu ni nene mno kwa boliti hiyo.

6. Usipake mafuta. Hesi ziwe safi na kavu, isipokuwa kama mtengenezaji ameagiza vingine. Mafuta hupunguza msuguano, kwa hiyo nguvu ileile ya mkono huivuta boliti kupita kiasi.

7. Kaza kwa kurukia upande wa pili. Usizunguke kutoka nati moja hadi jirani yake, maana utaibana rimu upande mmoja na kuiacha imeinama. Kwa nati tano, zihesabu kwa kuzunguka kisha fuata mpangilio huu: ya 1, ya 3, ya 5, ya 2, ya 4, utaona umechora nyota. Kwa nati nne chora msalaba. Kwa nati sita, kila ukikaza moja, inayofuata ni ile inayoikabili.

8. Kaza kwa hatua. Gurudumu likiwa juu, kaza kiasi cha kuifanya rimu ilale sawasawa. Lishushe gari, kisha kaza nusu ya nguvu kwa mpangilio uleule, na hatimaye nguvu kamili. Spana ya kipimo ikilia mara moja, inatosha, usiendelee kuivuta. Mashine ya upepo inafaa kwa kufungua na kwa kuanzia, lakini nguvu ya mwisho itolewe kwa mkono wenye kipimo.

9. Rudia baada ya kilomita 50 mpaka 100. Hii ndiyo hatua inayosahauliwa kuliko zote, na ndiyo iliyomgharimu kijana wa bodaboda. Vyuma vipya vilivyokutanishwa hukaa vizuri baada ya kutembea, na mbano hushuka kidogo. Aliyefunga gurudumu Mutukula, basi Masaka, yapata kilomita 90, ndipo mahali pa kusimama na kukaza tena. Anayevuka Katuna kwenda Kigali naye ana umbali unaolingana na huo. Iwe desturi: pancha ikizibwa mpakani, mji mkubwa unaofuata ni mji wa spana.

KWA WENYE MALORI

Mambo matatu yaongezwe. Kwanza, magurudumu pacha ya nyuma yana nyuso nyingi zinazokutana: kitovu na rimu ya ndani, rimu ya ndani na ya nje. Zote zisafishwe. Pili, malori mengi ya zamani kutoka Japani yana boliti za upande wa kushoto zinazokaza kinyume, yaani kuelekea kushoto. Tazama ncha ya boliti: herufi L ni ya kushoto, R ni ya kulia. Turniboi mgeni asiyejua jambo hili hulegeza akidhani anakaza. Tatu, vile vishale vya plastiki vya rangi ya njano vinavyovishwa kwenye nati si pambo. Hupangwa vielekeane mara nati zinapokuwa zimekazwa. Kimoja kikigeuka, dereva huona kwa mtazamo mmoja kwamba nati yake imehama. Asiyekuwa navyo anaweza kuchora kwa rangi mstari mmoja unaopita juu ya nati na rimu. Mstari ukivunjika, nati imesogea.

GARI LINALOVUTA UPANDE

Sasa tuingie sehemu ya pili. Madereva wengi hutaja alaimenti kila gari linapowasumbua, na mafundi wengine hufurahi kuwatoza. Lakini kuna matatizo matatu yanayofanana kwa mbali na kutofautiana kwa karibu.

Gari linalotetema usukani likifika mwendo wa kilomita 80 mpaka 100 kwa saa, kisha likatulia ukipunguza, kwa kawaida linahitaji kubalansiwa magurudumu. Gari linalotetema pale tu unapokanyaga breki lina diski iliyopinda. Gari linaloyumba hata kwa mwendo mdogo, na kuzidi kadiri unavyokwenda, huku likitoa mlio, huenda lina nati zilizolegea. Hilo lisimamishwe papo hapo. Alaimenti ni habari ya mwelekeo: gari halitetemi, bali linakwenda usikokwenda wewe, au linakula matairi.

Alaimenti ina pembe tatu. Ya kwanza ni mwelekeo wa magurudumu yakitazamwa kutoka juu. Simama wima na ugeuze vidole vya miguu vitazamane; magurudumu nayo huweza kutazamana hivyo kwa mbele, au kutengana. Ya pili ni kuinama kwa gurudumu likitazamwa kutoka mbele: kichwa chake kimelalia ndani au nje. Ya tatu ni mlalo wa mhimili wa usukani ukitazamwa ubavuni. Itazame baiskeli: uma wake wa mbele haukusimama wima, umelala kidogo. Mlalo huo ndio unaoirudisha baiskeli kwenye mstari ulionyooka, na ndio unaourudisha usukani wa gari baada ya kona.

Pembe ya kwanza ndiyo inayokula matairi zaidi. Chukua gari ambalo magurudumu yake ya mbele yametazamana milimita 3 kupita kiasi, na tairi lina kipenyo cha milimita 600. Katika kila kilomita moja ya mbele, magurudumu hayo mawili kwa jumla huburutwa kando mita 5. Tairi hilo halizunguki tu, linasuguliwa kama msasa tangu asubuhi hadi jioni.

TAIRI LINASEMA

Kabla ya kulipa fedha, soma tairi. Pitisha kiganja juu yake polepole, kwanza kutoka nje kwenda ndani, kisha kinyume. Likiwa laini njia moja na lenye makali kama meno ya msumeno njia nyingine, magurudumu yametazamana au kutengana kupita kiasi. Likiwa limelika upande mmoja tu, wa ndani au wa nje, shaka kuinama kwa gurudumu. Likiwa limelika mabega yote mawili na katikati pamebaki, umetembea na upepo mdogo. Likiwa limelika katikati, umejaza upepo kupita kiasi. Likiwa na mabonde mabonde kandokando, kagua shokapu na balansi.

UTARATIBU WA KUTAFUTA KASORO

Fuata mpangilio huu, kutoka kisichogharimu kitu hadi kinachogharimu.

Pima upepo asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Tofauti ya upepo kati ya tairi la kulia na la kushoto hulivuta gari kuelekea lenye upepo mdogo. Hakikisha pia kwamba matairi mawili ya mbele ni ya ukubwa mmoja na yamelika sawa.

Badilishana matairi ya mbele, la kulia liende kushoto na la kushoto kulia, kama si yale yenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihamia upande wa pili au kutoweka, mkosaji ni tairi, si alaimenti. Na unapobadilishana, kumbuka hatua tisa za hapo juu.

Baada ya safari fupi uliyotumia breki kidogo, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, breki yake imeng'ang'ania, nayo ndiyo inayolivuta gari.

Inua gurudumu la mbele kwa jeki, weka kigingi imara chini ya gari, kisha litikise. Shika juu na chini: likicheza, kagua beringi na boljointi. Shika kulia na kushoto: likicheza, kagua tairodi. Vitu hivi vikiwa vimelegea, kupima alaimenti ni kupoteza fedha. Kipimo kilichowekwa asubuhi kitakuwa kimehama jioni. Fundi mwaminifu hubadilisha kwanza kilicholegea, kisha ndipo hupima.

Kama yote hayo ni mazima na bado gari linavuta, au usukani umepinda ilhali gari linakwenda sawa, sasa nenda kwenye mashine ya alaimenti. Nenda pia kila baada ya kugonga shimo kubwa au ukingo wa barabara, na kila baada ya kubadilisha tairodi.

KIPIMO CHETU SISI WATU WA MIPAKANI

Tunayo fursa ambayo dereva wa mji mmoja hana. Barabara haikujengwa bapa kama meza. Imeinuka katikati na kushuka kandoni ili maji ya mvua yatiririke. Kwa hiyo gari zima kabisa, ukilegeza mikono, huelea taratibu kuelekea ukingoni. Uganda, Kenya na Tanzania tunaendesha kushoto, hivyo gari huelea kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini huendesha kulia, na huko huelea kulia.

Basi dereva aliyevuka Katuna, Mpondwe au Elegu na afanye jaribio hili kwenye lami iliyonyooka, tupu na nzuri, kwa mwendo mdogo, mikono ikiwa karibu na usukani muda wote. Ikiwa upande huu gari lilielea kushoto na ng'ambo limeelea kulia, kosa si la gari, ni mteremko wa barabara. Usitoe fedha yako. Ikiwa limevuta kushoto huku na likavuta kushoto kule, kosa umevuka nalo mpaka. Hilo ni la gari, litafute.

NATI IKILEGEA NJIANI

Ukisikia mlio wa kugonga unaokwenda sambamba na mzunguko wa gurudumu, au ukihisi gari linayumba, usikanyage breki kwa ghafla. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani kwa mikono miwili, washa taa za tahadhari, na usogee kando polepole. Abiria washuke upande usiopita magari na wakae mbali na barabara.

Kisha tazama. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati, chuma kinachong'aa kuzunguka tundu, au nati unayoweza kuisogeza kwa mkono, ni ushahidi. Kama boliti zote ni nzima na matundu hayajapanuka, kaza kwa utaratibu na uende polepole hadi kwa fundi. Kama boliti imekatika, usikaze zilizobaki na kuendelea na safari; gari libebwe, au fundi aje. Boliti moja iliyokatika hubadilishwa pamoja na jirani zake wawili, maana nazo zimebeba mzigo usio wao. Zikikatika mbili au zaidi, boliti zote za gurudumu hilo zibadilishwe.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Fundi wa pancha: kazi yako haijaisha mpaka umemwambia mteja, “Kaka, simama baada ya kilomita 50 ukaze tena.” Sentensi hiyo haina gharama.

Dereva: zunguka gari lako kila asubuhi kwa dakika mbili, uguse kila nati. Anayekuambia gari linalia hakutukani.

Abiria: una haki ya kusema, na kusema tena. Bibi yule alisema mara moja, akajibiwa, akanyamaza kwa adabu. Adabu njema ni hii: abiria wote waungane naye mpaka dereva asimame.

Askari: tuiname. Na tunapomkuta dereva amesimama kandoni akikaza nati, wajibu wetu wa kwanza ni kumlinda na magari yanayopita, kabla ya kumwomba karatasi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini nati haipakwi mafuta kabla ya kukazwa?
2. Taja mpangilio wa kukaza gurudumu lenye nati tano.
3. Usukani unatetema kwa kilomita 90 kwa saa na kutulia kwa 60. Je, uende kwenye alaimenti au kwenye balansi?
4. Gari limevuta kushoto Uganda, likavuta kushoto pia Rwanda. Kosa ni la barabara au la gari?
5. Umefunga tairi la akiba leo asubuhi mpakani. Utasimama wapi kukaza tena?

Swali la tano jibu lake hutegemea barabara unayopita, kwa hiyo lijibu kabla ya kuwasha gari.

Kijana wa bodaboda sasa amerudi kijiweni kwake, anatembea kwa gongo. Nilipomweleza kwamba nitaandika somo hili, aliniambia: “Afande, waandikie wasidhani ni jiwe.” Nami nimeandika.